Luxembourg: Nauli Bure, Foleni Palepale

Tangu tarehe 29 Februari 2020, halipi mtu nauli ya basi, treni wala tramu ndani ya Luxembourg, awe mwenyeji au mgeni. Daraja la kwanza la treni pekee ndilo la kulipia. Nchi hiyo imesifiwa dunia nzima, lakini mimi naona sifa zimekwenda pasipo pake.

Tazama hesabu. Nauli ilikuwa ikiingiza takriban yuro milioni 41 kwa mwaka, ilhali usafiri wenyewe uligharimu zaidi ya milioni 500. Yaani serikali ilikuwa imeshaubeba mzigo karibu wote. Ilichosamehe ni masalio.

Na magari hayakuondoka barabarani. Zaidi ya watu 200,000 huingia kufanya kazi kutoka Ufaransa, Ubelgiji na Ujerumani, wengi wao kwa magari yao. Ubure waishia mpakani. Atokaye Metz bado anunua tiketi. Sisi wa Likoni twalijua hili: avukaye feri kwa miguu halipi kitu, na kimuudhicho ni kungoja.

Sifa ningeipa tramu. Iling'olewa mwaka wa 1964, ikarudi Desemba 2017, na tangu Machi 2025 inafika uwanja wa ndege wa Findel. Sasa wanajenga reli mpya kutoka jijini hadi Bettembourg, upande wa Ufaransa, ambako treni hubanana kila asubuhi. Hiyo ndiyo ninayoingojea mimi.