Anayetumwa kazi ng'ambo asirudi na pengo katika akiba ya uzeeni

WAKAZI wa Kiambere, kaunti ya Embu, wanaifahamu kampuni ya KenGen kwa bwawa lake la umeme katika Mto Tana, lililokamilika 1988. Jambo ambalo wengi hawajalitilia maanani ni kwamba kampuni hiyo sasa huuza pia ujuzi wa wafanyakazi wake. Mnamo 2019 ilipata kandarasi za kuchimba visima vya mvuke nchini Ethiopia, na 2021 ikapata nyingine nchini Jibuti.

Kandarasi za aina hii zinazua swali ambalo mfanyakazi hulikumbuka akiwa amechelewa: akitumwa nchi nyingine kwa mwaka mmoja au miwili, akiba yake ya uzeeni itawekwa wapi?

Barani Ulaya, swali hilo hujibiwa kwa karatasi moja. Chini ya kanuni zilizoanza kutumika Mei 2010, mfanyakazi anayetumwa na mwajiri wake katika nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya, kwa muda usiotarajiwa kuzidi miezi 24, huendelea kuchangia kwao. Hupewa cheti kiitwacho A1, na nchi anakokwenda haimkati mara ya pili.

Kwetu, Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutekelezwa Julai 1, 2010, inampa mfanyakazi anayehamia nchi mwanachama haki ya hifadhi ya jamii sawa na wenyeji. Kanuni za kuiunganisha mifuko yenyewe ziliachiwa Baraza la Mawaziri, na zimejadiliwa kwa miaka mingi. Isitoshe, Ethiopia na Jibuti si wanachama.

Ugumu ni kwamba mifuko hiyo haifanani. Tanzania humlipa mstaafu pensheni ya kila mwezi akiwa amechangia miezi isiyopungua 180, ilhali mfuko wa Uganda humlipa mwanachama akiba yake kwa mkupuo. Mkenya aliyechangia miezi 24 nchini Tanzania hajakaribia pensheni ya huko, na nyumbani rekodi yake ina pengo la miaka miwili.

Pengo hilo sasa lina uzito. Hadi Januari 2023, mfanyakazi alikatwa Sh200 tu kwa mwezi kwa Hazina ya Kitaifa ya Malipo ya Uzeeni (NSSF). Tangu Februari mwaka huo hukatwa asilimia 6 ya mshahara, hadi kiwango cha juu kilichowekwa, na mwajiri hutoa kiasi sawa na hicho.

Historia nayo inatuonya. Jumuiya ya kwanza ilipovunjika 1977, maelfu waliokuwa wakihudumu katika reli, bandari na posta hawakujua ni nani angewalipa. Mkataba wa 1984 uliiachia kila nchi mzigo wa raia wake, lakini miongo miwili baadaye wastaafu walikuwa bado wakidai haki yao jijini Dar es Salaam.

Sheria zetu hazimwachi mfanyakazi mikono mitupu. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa kazi itakayofanywa nje ya Kenya uandikwe kwa utaratibu maalumu na kuthibitishwa na afisa wa leba. Sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini, ya mwaka huo huo, inamlinda anayejeruhiwa akiwa nje kwa muda kana kwamba ameumia nchini.

Kwa hivyo, fundi wa Kiambere anayeambiwa afunge virago asiridhike na tikiti ya ndege na ahadi ya marupurupu. Adai barua inayotaja mwajiri wake ni nani, tarehe ya kwenda na ya kurudi, iwapo makato ya NSSF yataendelea na yatahesabiwa kwa mshahara upi, na nani atakayegharimia matibabu huko aendako. Kila hati ya mshahara aihifadhi, na taarifa yake ya NSSF aikague akiwa angali huko.

Hata hivyo, barua ya mwajiri haiwezi kuifunga nchi ya kigeni. Hilo ni jukumu la serikali. Mnamo Septemba 2024, Kenya ilitia saini makubaliano na Ujerumani kuhusu uhamiaji wa wafanyakazi. Kila makubaliano kama hayo, na zaidi yale ya majirani zetu, yafaa kueleza bayana michango ya uzeeni itakwenda wapi. Taifa linalojivunia kuuza ujuzi halina budi kulinda uzee wa wenye ujuzi huo.