Mshale wa mafuta usikudanganye njiani

Mwezi huu tuongee juu ya kitu kidogo kwenye tablo: ule mshale wa mafuta, tunaouita joji.

Najua mmoja atasema: "Pasteri, wangu unakawia, lakini nimeshauzoea." Mimi pia nilisema vile. Miezi mingi mshale wangu ulikuwa unashuka polepole, kiisha unabaki kwenye robo. Usiku mmoja tulikuwa kwenye barabara ya Likasi na Kolwezi, tunapeleka mama mmoja aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa. Mshale ulionyesha robo. Motere ikakohoa mara mbili, ikazima. Tangi ilikuwa kavu kabisa. Tulingoja karibu masaa mawili mpaka shofere wa kamio akatuonea huruma, akatugawia lita 10. Mtoto alizaliwa muzima, lakini kungoja kule mama yake hakukusahau, na mimi vilevile. Kosa lilikuwa langu. Nilijua mshale unadanganya, na bado niliuamini.

Sasa, joji inafanya kazi namna gani? Ndani ya tangi kuna flotere, ni kusema kitu chepesi chenye kuelea juu ya mafuta. Imefungwa kwenye fito ya chuma. Mafuta yakishuka, fito inashuka nayo, na ncha yake inasugua juu ya kipande chenye kuzuia umeme, mara sana, mara kidogo. Umeme unapita kwa waya mpaka kwenye tablo na kusogeza mshale. Ili yote itembee, kile chombo cha tangi lazima kishikamane vizuri na chuma cha motokari. Mafundi wanaita ile masi.

Jua pia kwamba kukawia si ugonjwa kila mara. Katika motokari nyingi za zamani, ndani ya joji kuna ubamba wa madini mawili unaopata moto na kujipinda polepole. Ukifungua kontakti, mshale unapanda kama mzee mwenye kupanda ngazi. Ni vizuri vile, maana mshale haurukiruki wakati mafuta yanachezacheza juu ya mashimo ya barabara. Ugonjwa ni hii: kukawia kuliko zamani, kukwama fasi moja, kuruka, ao kuonyesha mafuta yasiyokuwa ndani.

Ukiona vile, usikimbie kununua joji mpya. Anza na kazi isiyokula makuta.

Kwanza, angalia jirani wa mshale, ule wa moto wa motere. Kama yote miwili inadanganya pamoja, tangi haina kosa. Tafuta kwenye fizibili, kwenye masi ya tablo, ao kwenye kile chombo kidogo nyuma ya tablo chenye kusawazisha nguvu ya umeme. Kama ni mshale wa mafuta peke yake, shuka kwa tangi.

Pili, angalia fishi na waya wa masi karibu na tangi. Vumbi letu, matope ya mvua na kutu vinapenda sana fasi ile. Zima kontakti, toa fishi, sugua chuma na papye ya emeri mpaka king'ae, kaza tena. Mara nyingi ugonjwa unaishia hapo, na haukulipa hata franka moja.

Tatu, jaribu waya. Tangi ikiwa imefungwa, toa waya wa joji kwenye fishi, fungua kontakti, na uugusishe kwa masi kupitia balbu ndogo kama zile za tablo. Usiuguse bila balbu, maana unaweza kuunguza joji. Katika Toyota nyingi za zamani mshale utapanda upande wa tangi kamili; katika motokari zingine utashuka. Ukisogea, joji na waya ni vizima, ugonjwa uko ndani ya tangi. Lakini kwa motokari mpya ambazo joji inapita kwa kompyuta, usijaribu hii. Umwachie fundi mwenye mashini yake.

Nne, ndani ya tangi. Hapa vijana, tusikilizane. Fanyeni inje, si ndani ya garaji iliyofungwa. Tangi iwe na mafuta kidogo. Batri itolewe waya. Hakuna sigara, hakuna mbabula karibu, hakuna kumulika na kiberiti. Mvuke wa esanse unawaka haraka kuliko esanse yenyewe.

Ukishatoa chombo, tikisa flotere. Ukisikia maji-maji ndani, imetoboka. Itazama, na mshale utasema hakuna kitu hata kama tangi imejaa. Kisha pandisha na kushusha fito polepole. Isikwame hata kidogo. Kwangu mimi ilikuwa inakwama kwenye kutu, njo maana ile robo haikuisha. Mwenye mita ya umeme apime: katika Toyota nyingi za zamani, fito ikiwa chini utapata karibu ohmu 110, ikiwa juu kabisa karibu ohmu 3. Namba ipande bila kuruka. Ikiruka, kipande kimelika, nunua kingine.

Kutu inatoka wapi? Mara nyingi kwa maji ndani ya mafuta. Ukinunua kwa kadhafi kando ya barabara, acha bidoni itulie kwanza, mimina kupitia kitambaa safi, na uache ile ya chini kabisa.

Kiisha kutengeneza, pima. Simamisha motokari fasi ya sawasawa, tangi ikiwa karibu tupu. Mimina lita 5, ngoja dakika chache, andika mshale uko wapi. Mimina zingine 5, andika tena, mpaka tangi ijae. Ile karatasi uibandike karibu na usukani. Sasa utajua robo yako ni lita ngapi kwa kweli.

Na kama makuta ya kutengeneza hayajapatikana, hesabu kilometa. Jaza tangi, andika namba, tembea, jaza tena, gawanya. Toka Lubumbashi mpaka Likasi ni karibu kilometa 120. Ujue motokari yako inakula lita ngapi hapo. Usingoje tangi ikauke. Motere ya mazutu ikikosa mafuta inavuta hewa, na utatoka jasho kuitoa. Na pompi ya umeme iliyo ndani ya tangi inapozwa na esanse yenyewe. Tangi tupu inaiua.

Baba, kabla ya kubeba jamaa yako safari ijayo, chukua asubuhi moja na kijana wako, mwangalie masi ile. Anaweza kujifunza kazi hapo, na nyumbani watalala bila wasiwasi.

Tuonane mwezi ujao.