Mwanao amekariri dhamira? Muulize amejuaje

Jumamosi jioni, nyumba moja ya Dongobesh. Binti wa kidato cha tatu amefungua daftari la Kiswahili. Ukurasa umejaa: “Dhamira: mapenzi ya dhati, mila potofu, nafasi ya mwanamke, umuhimu wa elimu.” Anafumba macho na kuzirudia kama mtu anayekariri namba ya simu. Mama yake anachambua maharage pembeni, anamsikia, anaridhika. Mtoto anasoma.

Jioni kama hiyo ipo katika nyumba nyingi za Mbulu na Hanang. Kasoro yake hujitokeza siku ya mtihani. Swali la insha ya fasihi mara nyingi humtaka mwanafunzi atetee jambo fulani kwa hoja kutoka vitabu viwili alivyosoma. Aliyekariri orodha huandika orodha, kisha kalamu inasimama. Anajua kitabu kina “mapenzi ya dhati”, ila hawezi kusema yako wapi.

Wazazi wengi hukaa mbali na somo hili kwa kuwa waliishia darasa la saba, au kwa kuwa maneno fani na maudhui yanawatisha. Hayatishi kiasi hicho. Maudhui ni yale yanayosemwa na kazi ya fasihi: dhamira, migogoro, ujumbe. Fani ni jinsi yanavyosemwa: wahusika, mandhari, muundo, mtindo na matumizi ya lugha. Mengine mwachie mwalimu. Mzazi, hata kama hujakifungua kitabu chenyewe, una swali moja unaloweza kuuliza huku mikono iko kwenye maharage: “Umejuaje?”

Tuseme kitabu ni Takadini cha Ben Hanson, ambacho wanafunzi wengi wa sekondari nchini wamekisoma. Binti anasema, “Sekai ana mapenzi ya dhati.” Umejuaje? “Mwalimu alisema.” Hapana mwanangu, kitabuni umejuaje? Hapo atanyamaza kidogo, na usimharakishe. Kisha atakumbuka kwamba Sekai alizaa mtoto mwenye ualbino, kwamba mila za kwao hazikumtaka mtoto huyo aishi, na kwamba mama aliamua kutoroka naye kwenda ugenini. Sasa ana hoja. Ukiongeza, “Angebaki ingekuwaje?”, atalazimika kueleza mgogoro wenyewe, yaani mama mmoja dhidi ya jamii nzima, na atakuwa ameueleza kwa maneno yake.

Tatizo lingine ni vitabu. Wapo watoto wanaojibu maswali ya riwaya ambayo hawajawahi kuishika, wameona notisi tu. Notisi ni bei rahisi na zinapatikana stendi, lakini mtu hawezi kuulizwa “umejuaje” juu ya kitabu ambacho hajakisoma. Familia tatu jirani zikichanga wakanunua nakala moja na watoto wakaisoma kwa zamu, hiyo ni fedha iliyotumika vizuri kuliko notisi tatu.

Kwenye ushairi wazazi hukata tamaa mapema zaidi, jambo la kushangaza katika eneo hili. Wairaqw wana slufay: mzee anaongoza kwa maneno ya dua na baraka, anasema kwa mafumbo, na waliokusanyika wanaitikia. Bibi au babu aliyewahi kuitikia slufay anajua kwamba neno linaweza kusema jambo moja na kumaanisha lingine, na kwamba kurudia kuna sababu. Wadatoga nao wana nyimbo zao. Mtoto aliyekulia kwenye Kiiraqw au Kidatoga, lugha ambazo si za Kibantu, anakipokea Kiswahili cha mashairi kama mgeni, lakini fumbo si geni kwake. Mwambie amuulize bibi fumbo moja la zamani, kisha amwulize bibi huyo huyo, “Umejuaje kuwa linamaanisha hivyo?”

Ukitaka kujaribu nyumbani, tumia ubeti huu uliotungwa kwa ajili ya safu hii. Unahusu Mlima Hanang na tope lililoshuka Katesh na vijiji jirani tarehe 3 Desemba 2023, likaua watu zaidi ya 80. Nyumba iliyompoteza mtu siku ile haina haja ya kuanza na ubeti huu. Chagueni mwingine.

Mlima ulitulisha, wingu likikaa juu,
Ng'ombe wetu ukanywesha, ukatupa siku kuu,
Siku moja ukashusha, matope bila nafuu,
Mama, mbona watutisha, tuhame twende kwa nani?

Mtoto aliyefundishwa ataanza kuhesabu mizani, nane kwa nane, na kutaja vina: sha katikati, uu mwishoni, isipokuwa mstari wa nne. Mwache amalize. Kisha muulize mlima ni nani hapa. Atasema, “Ni mama, ni tashihisi.” Umejuaje? Neno “mama” lipo, ni rahisi. Lakini ushahidi mzuri zaidi umejificha kwenye neno la mwisho. Watu wanaohama huuliza waende wapi. Hawa wameuliza waende kwa nani. Wanaongea kama watoto wasio na mzazi mwingine. Na kwa nini kina kilivunjika palepale?

Tazameni pia herufi “u” katika “ulitulisha”. Mlima unaweza kuwa unasimuliwa, “huo ulitulisha”, au unaambiwa uso kwa uso, “wewe ulitulisha”. Msomaji hajui mpaka afike mstari wa nne, anapokuta mlima ukiitwa “Mama”.

Sasa waache watoto wabishane. Kaka wa kidato cha kwanza atasema anayesema katika ubeti huu anaulaumu mlima, kwa sababu ya “mbona”. Dada yake atasema haulaumu, anaulilia, kwa sababu mistari miwili ya kwanza ni ya shukrani na mtu hamwiti “mama” yule anayemchukia. Usikimbilie kuamua nani kashinda. Katika insha, wote wawili wanaweza kupata alama, mradi kila mmoja ameweka kidole kwenye neno lake.