Riba ya chama isiamuliwe na anayeandika programu

Chama chetu cha akina mama hapa Chwele, Kabuchai, hukopesha kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi. Majuzi mtoto wa kaka yangu alituhamishia daftari kwenye kompyuta, na ripoti ya kwanza ikavunja mbavu za mkutano. Waliokopa 10,000 walikuwa watatu: wa mwezi mmoja hadaiwi hata ndururu, wa miezi miwili anadaiwa 30,000, wa mitatu 20,000.

"Senge, hesabu iko sawa," akaniambia, akinionyesha alichoandika: 10000 * 1.1^miezi. Kwenye PostgreSQL, alikojifunzia, ingekuwa sawa kweli, maana huko ile alama ya kofia hupandisha namba kwenye kipeo. Sisi tunatumia MySQL. Humo kofia hulinganisha biti za namba kamili mbili: 1.1 inageuzwa 1, kisha 1 na 2 zinatoa 3, na 1 na 1 zinatoa sufuri. Wala haikuonyi. Kipeo chake huandikwa POWER(1.1, miezi).

Akarekebisha, namba zikatulia, wenzangu wakaanza kuulizia chai. Mimi nikasema bado. Kwa POWER, deni la 10,000 lisiloguswa mwaka mzima linafika 31,384. Daftari letu, lililotoza riba kwa mkopo wenyewe tu, lingesema 22,000. Hizo 9,384 za juu ni riba iliyozaa riba, na hakuna mwanachama aliyewahi kuinua mkono kuikubali. Imeletwa na kijana aliyedhani kila mkopo duniani huhesabiwa hivyo.

Benki zenyewe zimefungwa breki. Tangu 2007, kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki nchini Kenya kinazuia riba ya mkopo ulioacha kulipwa isizidi salio lake la wakati huo. (Hata zile 12,000 za riba ya daftari letu zingegonga ukuta huo, na hilo nalo tulizungumze.) Lakini kifungu hicho ni cha benki, kinga ya mwanachama ni katiba ya chama na kumbukumbu za mkutano. Kwa hiyo kila kikundi cha Kabuchai kinachoacha daftari kiandike kanuni ya riba kwenye kumbukumbu, pamoja na mfano wa mwezi 1, wa 2 na wa 12 uliopigwa kwa kikokotoo mbele ya wote. Kompyuta ipimwe kwa mfano huo kabla ya kutoa ripoti hata moja.

Kwetu, kijana ameambiwa aandike 10000 * (1 + 0.1 * miezi) mpaka akina mama wapige kura.