Chanjo ya Mdondo Ifike Milimani

Wataalamu katika nchi kadhaa wanashughulika siku hizi na chembe ndogo mno ambazo, zikitiwa majini, hujipanga zenyewe zikawa mfano wa kifuko, na ndani yake hubeba kimeng'enya hadi mahali kinapotakiwa mwilini. Kimeng'enya kisichokingwa ni kitu dhaifu. Joto hukiharibu upesi. Huenda msomaji akadhani kwamba mambo hayo hayamhusu mfuga kuku wa Mgeta. Yanamhusu.

Kirusi cha mdondo, ugonjwa ambao wengine huuita kideri, ni chembe ya namna hiyo iliyoundwa na maumbile. Upana wake ni kama nanometa 200, yaani virusi 5,000 vikipangwa mstari mmoja hutimiza milimita moja tu. Sehemu zake hujikusanya zenyewe ndani ya seli ya kuku, na juu ya gamba lake kimebeba kimeng'enya kinachokiwezesha kujinasua na kwenda kushambulia seli nyingine. Mdondo ukiingia kijijini waweza kuacha mabanda matupu kwa siku chache.

Kwa bahati njema, aina ya kirusi hicho isiyodhuru, iitwayo I-2, ilipatikana Australia ikatolewa kwa nchi zinazoendelea. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine, hapo chini ya Uluguru, ni miongoni mwa walioifanyia utafiti. Sifa yake kubwa ni kustahimili joto: ikikaushwa na kuwekwa gizani hudumu wiki 8 katika nyuzi 28. Chanjo ya kwanza ya korona iliyobebwa na chembe za mafuta, mwaka 2020, ilidai baridi ya nyuzi 70 chini ya sifuri!

Basi kisingizio cha jokofu kimepungua nguvu. Taabu iliyobaki ni chupa. Chupa moja ina dozi mia kadhaa, na mama wa Kinole ana kuku kumi. Ikishachanganywa haikai muda mrefu. Hapana budi kaya nyingi zichanje siku moja, kabla ugonjwa haujaingia, na kurudia kila baada ya miezi 4. Chembe hujipanga zenyewe. Siku ya chanjo haijipangi. Afisa ugani asiyepanda mlima hawezi kuipanga, wala mtendaji wa kijiji anayengoja barua kutoka wilayani. Tarehe tatu za mwaka zibandikwe kwenye ubao wa shule, na walimu wawaagize watoto wazifikishe nyumbani. Tone moja katika jicho la kuku, mwanakijiji aliyefundishwa aweza kulitia mwenyewe.