Rahisi ghali: Vifaa vya kutupa vinatugharimu

SI ajabu, jijini Dar es Salaam, kukuta cherehani ya chuma iliyonunuliwa na bibi miaka ya 1960 ingali ikishona, ilhali pasi ya umeme iliyonunuliwa Kariakoo mwaka jana imekwishatupwa jalalani.

Wapo wanaosema ya kale ni dhahabu. Hilo si kweli kabisa. Vifaa vingi vya zamani viliharibika na kusahauliwa. Tunavyovisifu leo ni vile vilivyosalimika. Lakini vilikuwa na sifa moja kubwa: vilifunguka. Mkanda wa cherehani ukikatika, fundi hubadilisha mkanda tu. Pasi na birika nyingi za siku hizi zimefungwa kwa namna ambayo ukijaribu kuzifungua zinavunjika. Waya mmoja ukiungua, kifaa kizima hutupwa.

Mbinu ya kufupisha maisha ya bidhaa si ngeni. Mwishoni mwa mwaka 1924, watengenezaji wakubwa wa balbu, wakiwamo Osram na Philips, walikubaliana mjini Geneva kwamba balbu idumu saa 1,000 tu, na kampuni ambayo balbu zake zilizidi muda huo ilitozwa faini.

Anayeumia zaidi ni mwananchi wa kipato cha chini. Tuchukulie pasi ya Sh20,000 inadumu mwaka mmoja, na ya Sh80,000 inadumu miaka kumi. Asiye na Sh80,000 kwa mkupuo atanunua ile ya bei nafuu kila mwaka, na mwisho wa miaka kumi atakuwa ametumia Sh200,000. Wahenga hawakukosea waliposema rahisi ghali.

Wa pili kuumia ni fundi wa mtaani. Asipopata vipuri hana kazi, na kijana aliyekuja kujifunza kwake hana cha kujifunza.

Kisha kuna taka. Kwa mujibu wa ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024, dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme na elektroniki mwaka 2022, na ni asilimia 22.3 tu iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo.

Wenzetu wameanza kuchukua hatua. Tangu Januari 2021, Ufaransa inawataka wauzaji wa baadhi ya vifaa kumwonyesha mnunuzi alama inayoeleza urahisi wa kukitengeneza kifaa kikiharibika. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya haki ya kutengenezewa.

Nasi tunalo Shirika la Viwango Tanzania (TBS), lililoanzishwa mwaka 1975. Ni vyema viwango vyake visiishie kwenye usalama wa kifaa, bali viulize pia: je, kinafunguka? Vipuri vyake vinapatikana nchini? Bila ya kuuliza hivyo, tutaendelea kutumia fedha za kigeni kuagiza taka za kesho.