Taya Likivimba, Usiseme ni Jino Tu

Mtoto akivimba taya, wengi wetu hapa Songea husema, "Ni jino tu." Kweli, mara nyingi ni jino. Lakini uvimbe ukikua haraka na meno yakalegea, huenda ni saratani. Saratani hiyo huitwa limfoma ya Burkitt. Huwapata zaidi watoto wa miaka 4 hadi 9. Pengine huvimbisha tumbo.

Burkitt alikuwa daktari katika hospitali ya Mulago, Uganda. Aliandika habari za ugonjwa huu mwaka 1958. Mwaka 1961 alisafiri kwa gari akizungukia hospitali nyingi, hata za Tanganyika. Aliona kuwa ugonjwa uko zaidi penye joto na mvua, mahali palipo na malaria nyingi. Mwaka 1964 wataalamu wa London waliona virusi katika uvimbe uliotoka Uganda. Virusi hivyo huitwa Epstein-Barr, navyo ni vya jamii ya herpesi.

Virusi hivyo hufanya nini? Mwili umejengwa kwa chembe hai ndogo sana. Chembe huzaliwa, hufanya kazi, kisha hufa. Ni kama mahindi: huota, hukomaa, hukauka. Virusi huingia katika chembe nyeupe za damu, hujificha humo, na huzisaidia zisife kwa wakati wake. Malaria ya mara kwa mara huzidisha chembe hizo. Chembe moja ikiharibika, huzaana bila kikomo, kama magugu katika shamba lisilopaliliwa.

Usiogope. Karibu sote tuna virusi hivyo tangu utotoni. Huenea kwa mate. Wanaopata saratani ni wachache sana. Mtoto mgonjwa hakulogwa, wala hamwambukizi mwenzake saratani.

Maoni yangu ni haya: kungoja ndiko kunakoua. Ugonjwa huu hutibiwa kwa dawa, na watoto wengi hupona wakiwahi na kumaliza matibabu. Msichanje uvimbe. Mpelekeni mtoto zahanati wiki hiyo hiyo, apewe barua ya kwenda hospitali kubwa. Na kila usiku watoto walale ndani ya chandarua, ili malaria ipungue.

Je, nauli ikikosekana? Kijiji kichange. Kukiwa na msiba sote hutoa, hata asiye na kitu huleta kuni. Basi tutoe mapema, mtoto angali hai.